Half-Life: mchezo wa bunduki unaotaka akili

Zamu ya kuandika historia wiki hii imetuangukia sisi vijana wa chumba cha kompyuta hapa Mubuku. Wenzetu waliotangulia waliandika mambo mazito: mgodi wa Kilembe, soko la Mpondwe, wazee waliokimbilia Kasese kabla yetu. Sisi tunaandika juu ya mchezo wa kompyuta. Tunajua wengine wataanza kucheka. Chekeni, lakini msome.

Iko hivi. Siku moja mama mmoja alisimama mlangoni kwetu, mtoto mgongoni, jerikeni ya maji mkononi. Akatazama skrini kwa muda mrefu. Kwenye skrini kulikuwa na mikono miwili imeshika bunduki, na nyuma ya kompyuta vijana sita wanasukumana kuona. Akasema:

"Tulikimbia masasi na hawa batoto. Sasa nyinyi munawarudishia masasi kwa kompyuta?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Pole mama, ni mchezo." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku chache baadaye dada mmoja anayefanya kazi ya msaada akatuuliza swali lile lile, ila kwa maneno ya ofisi. Na swali ni la haki kabisa. Wengi wetu tulivuka Mpondwe tukitoka upande wa Beni na Lubero, mlio wa bunduki kwetu si wa sinema. Hata upande huu wa mpaka hakuna aliyesahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa shuleni kwao pale Mpondwe. Kwa hiyo tumeona tujibu kwa maandishi: mchezo huu umetoka wapi, unachezwaje, na kwa nini bado haujafutwa kwenye laptopu.

Tuanze mbali kidogo. Michezo ya kufyatua ni ya zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT huko Marekani waliandika mchezo unaoitwa Spacewar!, meli mbili za angani zinafyatuliana kwenye kompyuta kubwa kama kabati. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado akatoa Space Invaders, ile ya wadudu wa angani wanashuka mistari kwa mistari. Lakini mtindo wa kuona kwa macho ya mchezaji mwenyewe, bunduki imetokeza chini ya skrini, dunia yote iliujua kupitia Doom. Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, kazi ya kampuni ndogo ya Texas inaitwa id Software, akina John Carmack na John Romero. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, na watu waliruhusiwa kuinakili na kuwapa wengine. Ilitembea kwa disketi, mkono kwa mkono, kama sisi tunavyopeana nyimbo kwa flashi. Hatushangai ilifika mbali.

Doom ni mbio tu. Unaingia, unafyatua, unatafuta ufunguo mwekundu, wa bluu au wa manjano, unafungua mlango, unafyatua tena. Lakini ule ufunguo ndiyo mbegu. Ukishamlazimisha mtu kusimama na kujiuliza "huu mlango unafunguliwa na nini?", tayari umeweka fumbo ndani ya mchezo wa bunduki. Mwaka 1994 System Shock ikaenda mbele zaidi. Uko kwenye kituo cha angani, kompyuta inayoongoza kituo imeasi, na wewe unapanga nyaya na kutafuta namba za siri. Ilikuwa ngumu, watu wengi waliipita bila kuiona.

Sasa tufike kwenye wetu. Mwaka 1996 wanaume wawili, Gabe Newell na Mike Harrington, waliacha kazi nzuri Microsoft, wakaanzisha kampuni yao wakaiita Valve. Walinunua ruhusa ya kutumia msingi wa Quake, mchezo mwingine wa id Software, wakaanza kujenga mchezo wao juu yake. Walipanga kuutoa mwisho wa 1997. Ulipokaribia kuisha wakauangalia vizuri, wakaona haufai. Kulikuwa na vipande vizuri hapa na pale, lakini ukivicheza pamoja havina ladha. Wangeweza kuuza hivyo hivyo, wangapi wanafanya hivyo? Wao walichukua vile vipande vizuri, wakajifunza kutoka kwake, halafu karibu kila kitu kingine wakaanza upya. Ikawachukua mwaka mwingine. Half-Life ikatoka tarehe 19 Novemba 1998.

Wewe ni Gordon Freeman. Si mwanajeshi. Ni kijana wa miaka 27 mwenye udaktari wa fizikia, anafanya kazi kwenye maabara ya siri chini ya jangwa la New Mexico, inaitwa Black Mesa. Mchezo unaanza umekaa kwenye kibehewa kinachoning'inia, kinakupeleka kazini. Dakika kama tano hivi hakuna unachofanya. Unaangalia tu: mitambo, walinzi, mtu anagonga mlango afunguliwe. Huna bunduki.

Hapo ndipo tunamjua mgeni. Anabonyeza panya kwa nguvu, "mbona hafyatui?" Anaanza kulalamika kwamba laptopu imekwama. Kaka, tulia. Waliounda wamekupa zile dakika ili ujifunze kuangalia, kwa sababu baadaye utakuwa unaulizwa ulichokiona. Kamera haitoki kwenye macho ya Gordon kamwe, hakuna filamu ya katikati ya kukuelezea. Kama hukuangalia, hakuna atakayekurudia.

Kisha ajali. Unasukuma kigari chenye jiwe la ajabu kuelekea kwenye mwale wa mashine, mashine inapasuka, na viumbe wa dunia nyingine wanaanza kutokea ndani ya vyumba. Silaha yako ya kwanza ni mtaimbo. Mtaimbo tu, ule wa fundi! Na tunawaambia wageni wote: usiutupe moyoni mwako hata ukipata bunduki kumi. Risasi ni chache. Masanduku ya mbao unavunja kwa mtaimbo, vioo unavunja kwa mtaimbo, na yule mdudu mdogo anayeruka usoni, sisi tunamwita kaa wa kichwa, unamsubiri aruke, unarudi hatua moja, unampiga akitua. Ukimfyatulia kwa hofu utamaliza risasi sita kwa mdudu mmoja. Tumeona.

Kitufe cha E ndicho kitufe chenye akili. Ukikibonyeza mbele ya mwanasayansi anakufuata, mbele ya mlinzi vilevile, mbele ya mashine ya ukutani unashikilia nayo inakujaza afya au inachaji nguo yako ya kinga. Wageni wengi huwaacha wale wanasayansi wakafa, au wanawapiga wenyewe kwa mchezo, halafu wanafika kwenye mlango unaofunguliwa kwa jicho la mwanasayansi. Hakuna wa kuufungua. Unarudi nyuma unajilaumu. Kwa hiyo watu wako walinde, hata kama wanaongea sana.

Na angalia juu. Kuna mnyama ameganda kwenye dari, ulimi wake umening'inia mpaka chini kama kamba. Kila mgeni anafikiri ni kamba ya kupandia. Ukiona kamba, angalia kwanza imefungwa wapi.

Kusevu ni F6. Bonyeza kabla ya mlango, bonyeza baada ya vita, lakini usibonyeze ukiwa unaanguka shimoni. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo, akawa kila akirudi yuko hewani anaanguka. Kuruka juu ya sanduku refu: ruka, halafu ukiwa hewani kunja miguu kwa Ctrl. Bila hiyo mbinu utadhani njia imefungwa kumbe iko wazi.

Sasa tuje kwenye sura inayoitwa Blast Pit, maana hapo ndipo tulipoelewa huu mchezo ni kitu gani. Kuna shimo kubwa la kujaribia roketi, na ndani yake amekaa mnyama mwenye mikono mirefu mitatu kama nyoka, kila mmoja una mdomo wa kugongea. Risasi hazimuui. Unaweza kummiminia zote ulizonazo, atakungoja tu. Lakini ni kipofu. Anasikia. Kumshinda unatakiwa ushuke chini, uende njia za pembeni, uwashe mafuta, uwashe oksijeni, uwashe umeme, upande tena juu ubonyeze kitufe cha kuwasha injini ya roketi, moto umteketeze. Na safari zote hizo unapita mbele yake.

Sisi wakubwa tulikufa pale siku tatu. Tulikimbia, alitugonga. Tulifyatua, alitugonga. Mmoja wetu akaapa kwamba mchezo umeharibika. Ndipo akakaa mtoto mmoja wa miaka kama kumi na miwili, mgeni, alikuwa na wiki mbili tu tangu avuke. Hakuwa amecheza kompyuta maishani, ilibidi tumwonyeshe vitufe. Akachuchumaa kwa Ctrl. Akatembea polepole sana, akisimama kila mkono ukigeuka. Akarusha bomu la mkono upande wa pili wa shimo, mikono yote ikakimbilia kelele, yeye akapita. Mara ya kwanza kabisa. Chumba kikapiga kelele kama goli limeingia.

Tukamwuliza, "Nani amekufundisha?"

Akasema, "Kule porini tulitembeaga hivyo."

Akaendelea kucheza. Sisi tulinyamaza. Mpaka leo hatujui kama tulipaswa kufurahi, na tunaomba dada zetu na kaka zetu wa mashirika wanaosoma hapa watusaidie kufikiri, maana nyinyi mmesomea mambo haya. Tunachojua ni kwamba alicheka siku ile, na ndiyo mara ya kwanza tulimsikia akicheka.

Kuna sehemu nyingine tunaipita kwa tahadhari. Katikati ya mchezo wanajeshi wanaingia Black Mesa. Wanasayansi wanafurahi, wanawakimbilia, wanadhani wamekuja kuwaokoa. Wamekuja kufuta ushahidi, wanawafyatulia. Wengine hapa hawakuhitaji kuelezwa. Kijana mmoja aliondoa vipokea sauti masikioni, akatoka nje, akakaa kando ya mti mpaka jioni. Hakuna aliyemfuata kumhoji, tulimpelekea chai tu. Tangu siku hiyo tuna utaratibu: yeyote anaweza kuinuka wakati wowote bila kuulizwa, sauti inapunguzwa, na sura ile ya wanajeshi haichezwi wadogo wakiwepo.

Tarehe 16 Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2. Laptopu yetu moja inaiweza, ile nyingine yenye kioo kilichopasuka kona inalia kama boda inapanda Bugoye. Mfanyakazi mmoja mwenye moyo mzuri alituchukulia Novemba 2024, Valve walipoitoa bure siku chache kusherehekea miaka 20. Ukishaiweka kwenye akaunti siku zile inabaki yako, na ukishaingia mara moja kwa intaneti unaweza kucheza bila intaneti. Hiyo ni muhimu kwetu, bando ni ghali. Umeme si tatizo sana. Mto wetu huu Mubuku unaoshuka kutoka Rwenzori unaendesha mitambo ya Bugoye tangu 2009, megawati 13. Mvua kubwa ikija nguzo zinaanguka, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Half-Life 2 inaanza kwenye treni. Unashuka kwenye mji unaoitwa City 17, dunia imeshatawaliwa na wageni kutoka angani. Kwenye skrini kubwa kuna mzee anakukaribisha kwa maneno matamu. Watu wamebeba masanduku, wengine yamechukuliwa. Kuna foleni ya kupokea pakiti ya chakula kwenye mashine. Nyuma ya uzio wa waya kuna mwanamke anangoja treni inayofuata, kwa sababu mume wake alishushwa njiani kuhojiwa, na aliambiwa atakuja na ile ya nyuma.

Hakuna hata risasi moja bado. Lakini kila mtu hapa anayefika kituo kile ananyamaza. Mama mmoja mpishi aliyekuwa amepita kuchaji simu aliuliza, "Huyo bwana yake alikuja?" Tulimwambia mchezo hausemi. Akasema, "Basi hakuja."

Wale waliotengeneza walikaa Marekani, ofisini, na walipata kuona foleni na uzio kwa macho ya aliyesimama ndani. Tunawaheshimu kwa hilo. Kidogo mbele askari anaangusha kopo chini na kukuamuru uliokote ulitie kwenye pipa. Mgeni wetu kila mara anataka kumrushia. Unaweza, atakupiga kirungu tu. Ukilitia pipani anakuacha upite. Chagua mwenyewe, huko mbele njia ni moja.

Mafumbo ya sehemu ya pili ni ya kijijini kabisa. Ubao umelala kama bembea, unatakiwa kupanda juu: weka matofali upande mmoja, panda upande wa pili. Mapipa matupu yanaelea, kwa hiyo yakiwekwa chini ya kitu kizito majini yatakiinua. Wavulana waliowahi kuvusha mizigo mtoni hawakai hapo hata dakika mbili, wale waliosoma fizikia darasani bila kuigusa ndio wanahangaika.

Kuna mmoja wa kwetu tunayemsimulia kila mgeni. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa njiani familia yake ikikimbia vita, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda hii hii. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, wakimbizi walipokuwa wanaandikishwa, akamwambia mama yake anaitaka. Mama alishona nguo akaweka akiba miaka mitatu, dola 300, akamnunulia laptopu. Hapakuwa na umeme, alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo wa kwanza kucheza ulikuwa wa bunduki na magari, Grand Theft Auto: Vice City. Uliomfunza kwamba michezo inatengenezwa na watu, na kwamba anaweza kuwa mmoja wao. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam. Humo hufyatui mtu. Wewe ndiye unayekimbia, mabomu nyuma, na unahitaji maji, chakula na dawa ufike. Desemba 2018 alipewa heshima kwenye tuzo kubwa za michezo huko Marekani, The Game Awards.

Tunamtaja kwa sababu njia yake ilipita kwenye mchezo wa bunduki. Angezuiwa pale, tusingekuwa na Salaam. Lakini tunamtaja pia kwa upande wa yule mama wa jerikeni, kwa sababu mtu aliyejua vita kweli, alipopata nafasi ya kutengeneza wake, bunduki hakuiweka mkononi mwa mchezaji.

Hata Valve wenyewe walifika karibu na hapo. Waliwaajiri wanafunzi wa chuo cha DigiPen waliokuwa wametengeneza mchezo mdogo wa mafumbo unaoitwa Narbacular Drop, na tarehe 10 Oktoba 2007 ikatoka Portal. Una bunduki, lakini haitoi risasi. Inatoboa tundu hapa na tundu pale, ukiingia moja unatokea lingine. Vyumba vya majaribio ni 19, na sauti ya mashine inakudanganya njia nzima. Ushauri mmoja unatosha: mwendo haupotei. Ukianguka kwa kasi kwenye tundu la chini, utatoka kwa kasi ile ile kwenye tundu la ukutani. Ukitaka kuruka mbali, tafuta mahali pa juu pa kuangukia. Sasa mgeni yeyote tunamwanzishia hapo, siyo Half-Life. Tulikosea mwanzo kuanza na bunduki, tunakubali.

Tulienda kwa yule mama kumweleza yote haya. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza umeme wa kompyuta analipa nani. Tukamwambia. Kisha akasema mtoto wake mkubwa anaweza kuja, lakini ile ya matundu tu, ya masasi hapana. Tukakubali mbele ya baba mdogo wake.

Mtoto ni hodari. Anakuja Jumamosi, anamaliza vyumba viwili vitatu, anarudi nyumbani kuchota maji. Jumamosi iliyopita amefika chumba cha 16, na chumba cha 16 ndicho chenye mashine nyeupe za miguu mitatu, zenye sauti ya kitoto, zinazomwona mtu na kumfyatulia risasi. Yeye hana cha kufyatua, anatakiwa azisukume zianguke akitokea nyuma. Kwa mama yake bado hatujaenda. Itabidi twende kabla ya Jumamosi.